Uzi wa Chini Uliponishinda

Foronya ya kwanza niliyoshona kwa cherehani yangu ilikuwa safi kabisa upande wa juu, kiasi kwamba nilimwita jirani aje aione kabla sijaigeuza. Nilipoigeuza, upande wa chini ulikuwa na nyuzi zilizosokotana na kuvimba kama nywele za timtimu, na nilipotaka kuitoa kwenye cherehani haikutoka, kwa sababu ilikuwa imeshikwa na uzi uleule uliojikusanya chini ya bamba la sindano. Nilichukua mkasi, nikakata, nikaanza upya, na baada ya mshono usiozidi urefu wa kiganja mambo yakawa yaleyale. Ulikuwa mwezi wa Septemba, majira ambayo hapa Dodoma upepo hauna adabu na vumbi huingia hata palipofungwa, na cherehani hiyo ilikuwa na siku nne tu tangu iletwe kutoka kwa mama mdogo anayeishi Kondoa.

Ni cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma, ya ile aina ambayo bobini, kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, huwekwa kwanza ndani ya kijumba kidogo cha chuma, kisha kijumba hicho kikaingizwa kwa upande wa kushoto, chini ya sindano. Mama mdogo aliishonea sare za shule kwa miaka mingi, na macho yalipoanza kumsumbua akaona ni heri inisaidie mimi kuliko kukaa stoo ikifunikwa na magunia ya mtama. Hakupata nafasi ya kunifundisha. Mimi nilijua kuvisha uzi kwenye sindano na kukanyaga, basi. Na kwa kuwa uzi ulikuwa ukisokotana chini, niliamini kwamba kosa liko chini. Imani hiyo ilinipotezea wiki tatu.

Kijumba cha bobini kina kibati chembamba kilichojipinda ubavuni, ambacho ndicho springi yake, na uzi hupita chini ya kibati hicho ukiwa umebanwa kidogo. Kibati hushikwa na skrubu ndogo sana, ndogo kuliko punje ya ulezi ukiitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kukasirika. Niliikaza, uzi wa chini ukaanza kukatika. Nikailegeza, mchafuko ukarudi na kuzidi. Nikailegeza tena, safari hii ikatoka kabisa na kudondoka kwenye sakafu ya saruji yenye nyufa, na nilitumia saa nzima nikipitisha sumaku ya spika mbovu sakafuni mpaka ikanasa. Ilipopatikana sikuwa na namna ya kujua ilikuwa imekazwa kiasi gani siku cherehani ilipotoka Kondoa. Laiti ningechora kwenye karatasi jinsi mfereji wa kichwa chake ulivyoelekea kabla sijaigusa, ningekuwa na mahali pa kurudia. Sasa huchora kila mara, na ninamwomba kila anayeanza afanye hivyo hata kama anaona ni mzaha.

Nilipoona maji yamezidi unga nilifunga kijumba changu katika leso, nikaenda nacho Majengo, kwenye baraza moja karibu na soko ambako mzee mmoja hushona suruali na kurekebisha cherehani za wenzake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Lete hiyo kesi niione."

Kwa sekunde chache nilidhani ananisingizia mashtaka. Kumbe kesi ndilo jina analokiita kijumba cha bobini, na tangu siku hiyo nami naliita hivyo, ingawa nyumbani hunitania kwamba nina kesi isiyokwisha. Mzee aliweka bobini ndani, akavuta uzi upite chini ya kibati, kisha akaishika ncha ya uzi na kuiacha kesi ining'inie hewani. Ilishuka yenyewe bila kusita, kama ndoo iliyokatika kamba, hadi ikamgonga gotini. Alichukua bisibisi iliyochongwa ikawa nyembamba kama ya miwani, akaikaza skrubu mzunguko mdogo usiofika hata robo, akaijaribu tena. Safari hii kesi ilitulia ikining'inia, na alipoutikisa mkono kidogo ilishuka kama upana wa vidole viwili, ikasimama. Akatikisa tena, ikashuka tena kidogo, ikasimama.

"Ilikuwa imelegea," alisema, "lakini siyo iliyokuchafulia kitambaa. Uzi wa juu uliupitisha wapi?"

Nilianza kueleza, naye hakutaka maelezo. Alivuta uzi wote kutoka kwenye cherehani yake, akanipisha kwenye kiti na kuniambia nipitishe nikiwa mbele yake. Nikapitisha kama nilivyozoea. Nilipomaliza alinyoosha kidole chake chenye sugu ya mkasi, akanionyesha visahani viwili vinavyobana uzi wa juu: uzi wangu ulikuwa umekaa juu ya ukingo wa visahani, haukuingia kati yake. Sababu ni kwamba nilikuwa nimeishusha futi, kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, kabla ya kupitisha uzi. Futi ikiwa chini, visahani hubanana na uzi hupata shida kuingia. Futi ikiinuliwa, visahani huachana na uzi hutumbukia mahali pake. Kwa hiyo uzi hupitishwa futi ikiwa juu, na kushona huanza futi ikiwa chini. Mimi nilifanya kinyume, tena kwa makini, kwa sababu nilidhani futi iliyoshushwa ni dalili ya usalama.

Jambo hili sikulielewa vizuri mpaka nilipofika nyumbani na kuizungusha cherehani polepole kwa mkono, bila kitambaa, nikiwa nimeondoa kile kifuniko cha bamba kinachoteleza. Sindano hushuka na uzi wake, na inapoanza tu kupanda, uzi hulegea upande mmoja na kufanya kitanzi kidogo. Ndoano iliyo chini hukidaka kitanzi hicho, hukipanua, na kukizungusha kuizunguka kesi yote, ili bobini nzima pamoja na nyumba yake ipite katikati ya kitanzi cha uzi wa juu. Hilo hutokea kila sindano inaposhuka mara moja. Baada ya hapo mkono ule unaopanda na kushuka mbele ya cherehani huuvuta uzi wa juu, kitanzi hufungwa, na nyuzi mbili hukutana katikati ya kitambaa. Elias Howe wa Marekani alipewa hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1846 kwa cherehani iliyotumia sindano yenye tundu karibu na ncha na uzi wa pili kutoka upande wa pili wa kitambaa, na ingawa sehemu zimebadilika umbo, kazi ni ileile.

Ukishaliona hilo kwa macho, siri ya mchafuko wa chini inajieleza. Uzi wa juu hushuka mwingi ili kuizunguka kesi, kisha lazima urudishwe juu. Kama visahani havikuubana, au kama haukupita kwenye tundu la ule mkono unaopanda na kushuka, hakuna kinachourudisha. Unabaki chini, tundu baada ya tundu, na unajikusanya pale. Uchafu unaonekana upande wa bobini, ilhali uzi wenyewe ni wa juu. Niliuthibitisha kwa kuweka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, na kipimo hiki ndicho nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji fundi wala chombo. Zile nyuzi za timtimu zilikuwa nyekundu zote. Wiki tatu nilikuwa nikimwadhibu mweupe.

Rangi mbili husaidia hata baada ya mchafuko kwisha. Vinundu vyekundu vikionekana upande wa chini, uzi wa juu umelegea mno au wa chini umebanwa mno. Vinundu vyeupe vikijitokeza juu, ni kinyume chake. Mzee wa Majengo alinishauri nianze kila mara na kirungu cha visahani vya juu, chenye namba na rahisi kurudisha, na skrubu ya kesi iwe mwisho kabisa, tena kwa kugeuza kidogo mno na kujaribu kwenye kipande cha kitambaa kilekile nitakachoshona. Kitenge kimoja na kitenge kilichokunjwa mara nne havitoi jibu moja.

Hata hivyo mchafuko ulirudi, ila sasa mwanzoni mwa mshono tu. Hapa makosa yalikuwa mawili, na la kwanza ni la miguu yangu. Gurudumu la cherehani yangu linapaswa kuzunguka kuelekea kwa mshonaji, lakini mtu asiyezoea kukanyaga hujikuta akiliondosha kinyumenyume, hasa anapoanza au anaposimama katikati na kuanza tena. Likirudi nyuma hata nusu mzunguko, ndoano hukiburuta kitanzi mahali pasipo pake, nyuzi zinajifunga, na mara nyingine uzi unakatika. Sikuwa nimejua kwamba kukanyaga ni elimu. Nilitoa uzi wote, nikainua futi, nikalegeza kitasa cha katikati ya gurudumu ili sindano isifanye kazi, na kwa jioni tatu nilikaa nikikanyaga bila kushona kitu, nikianza kila mara kwa kulivuta gurudumu kwa mkono wa kulia kuelekea kwangu na kuacha miguu ifuate. Watoto wa jirani waliona ni kioja mtu kuendesha cherehani isiyo na kitambaa.

Kosa la pili ni ncha za nyuzi. Kabla ya kuanza, uzi wa chini huletwa juu kwa kuishika ncha ya uzi wa juu na kulizungusha gurudumu mara moja, kisha nyuzi zote mbili huvutwa nyuma ya futi, zikiachwa na urefu wa sentimita 10 hivi, na hushikwa kwa vidole mpaka matundu matatu au manne ya kwanza yapite. Mimi nilikuwa nikiziacha fupi, nazo zilikuwa zikivutwa chini na kumezwa.

Kujaza bobini nako nilikuwa nikikufanya kwa makadirio. Pembeni mwa gurudumu kuna kizungushio cha bobini, na uzi kabla ya kukifikia hutakiwa kupita kwenye kibanio kidogo ili ujizungushe ukiwa umenyooka. Nilikipuuza kibanio hicho na kuuongoza uzi kwa vidole, nikaona najaza haraka kuliko hata mafundi. Bobini niliyoipata ilibonyea kama andazi. Bobini ya namna hiyo haifai kitu, kwa sababu tabaka la juu la uzi huzama ndani ya tabaka la chini, na wakati wa kushona uzi hutoka kwa kushtukashtuka, mara mwepesi, mara umekwama. Matokeo yake mshono una sehemu zilizokaza na sehemu zilizolegea, na hakuna skrubu itakayolisawazisha hilo. Bobini iliyojazwa vizuri ukiibonyeza kwa ukucha ni ngumu, uzi umelala sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na umeishia kabla ya kufikia mdomo. Iliyojaa hadi kufurika hukwaruza ndani ya kesi. Pia usijaze juu ya mabaki ya uzi wa zamani, hata kama umebaki kidogo na roho inakuuma kuutoa. Kwa nyuzi za poliesta kuna la ziada: ukijaza kwa kasi sana uzi hunyooka kama mpira, na ukishashonwa hujirudi, ndipo mshono uliotoka umenyooka unaanza kujikunja mezani huku ukiutazama.

Kuna pia suala la kununua bobini. Katika soko la Sabasaba nilinunua bobini tatu kutoka kwenye bakuli la muuzaji aliyeniapia kwamba zote ni sawa, na mbili kati yake zilikuwa sawa kweli. Ya tatu ilikuwa na pande zilizobinuka kidogo kama kifuniko cha chungu, wakati za cherehani yangu, zijulikanazo kwa namba 15, zina pande bapa na kipenyo cha milimita 20 hivi. Ile yenye mbinuko, ya namba 66, ni ya cherehani za aina nyingine. Iliingia ndani ya kesi yangu bila ubishi, lakini ililialia kama kokoto ndani ya kopo, na mshono wake ulikuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo sasa naenda sokoni na bobini yangu ya zamani mfukoni, nazilinganisha mgongo kwa mgongo, na napitisha ukucha kwenye kingo kutafuta mikwaruzo. Kuhusu namna ya kuiweka ndani ya kesi, kwenye aina yangu uzi unapoingia kwenye mpasuo hulazimika kugeuka na kurudi ulikotoka. Ukienda moja kwa moja bila kugeuka, bobini imewekwa kinyume. Kesi nayo ikiingizwa lazima ilie "tiki". Bila mlio huo, kidole chake hakijakaa kwenye pengo lake, na sindano itakuja kukivunjikia.

Sasa niungame kuhusu mafuta. Katika zile wiki tatu za ujinga niliona cherehani ni nzito, nikakumbuka kwamba mashine hupakwa mafuta, na mafuta yaliyokuwepo nyumbani ni ya alizeti, mazuri sana, tuliyonunua Kibaigwa njiani kutoka Morogoro. Nikatia matone kadhaa kule chini kwenye ndoano. Siku hiyo ilikwenda kama upepo. Lakini mafuta ya alizeti yakikaa na hewa huganda na kunata, na mafuta yanayonata katika mji wenye vumbi jekundu hayahitaji muda mrefu kuwa udongo. Miezi miwili baadaye, nilipokwisha kujifunza kupitisha uzi na kukanyaga, cherehani ilianza kuruka matundu na kutoa mlio wa kusaga, na uzi wa chini ukawa unatoka na madoa ya kahawia.

Nilifungua vishikizo viwili vinavyoshika pete ya nje, nikaitoa pete, kisha ndoano yenyewe, ambayo ina umbo la mwezi mchanga na hutoka bila bisibisi. Ndani mwake palikuwa na ugoro: mchanganyiko wa mafuta yaliyoganda, vumbi, na manyoya ya nyuzi za bei nafuu, umeshindiliwa kwenye njia ambayo ndoano huzungukia. Katikati ya ugoro ule kulikuwa na ncha ya sindano iliyovunjika, urefu wake kama punje ya mchele, na kutu yake ilionyesha kwamba haikuwa ya kwangu. Nilisafisha kwa mafuta ya taa, mswaki wa zamani na kitambaa cha pamba, nikajizuia kukwangua kwa kisu, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye njia ile utashika uzi kila unapopita. Nilipitisha kipande cha soksi ndefu ya kike kwenye ukingo wa ndoano nione kama kitanasa, na kilinasa mahali pamoja, karibu na ncha, palipokuwa na kijimwiba cha chuma kisichoonekana kwa macho. Mzee wa Majengo alikilainisha kwa msasa laini uliokwisha kutumika. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani, yale meupe kama maji, kwenye njia ya ndoano, na kitambaa chakavu kushonwa mpaka kisitoke na doa. Mpaka mvua za Desemba zilipotuliza vumbi, nilikuwa nafungua sehemu ile kila Jumamosi.

Sindano niliigusa mwisho, ingawa ingekuwa busara kuianza. Iliyopinda au kuwa butu huruka matundu na humfanya mtu alaumu bobini bure. Mfereji wake mrefu hukaa upande uzi unakoingilia, na upande uliobapa wa shina hukaa upande wa pili. Ikisukumwa isifike juu kabisa, ndoano haikuti kitanzi. Kwa vitenge vya pamba natumia namba 14, na kwa jinzi namba 16.

Kilichobaki ni kizungushio cha bobini. Raba yake, ile pete inayogusana na gurudumu, ilikuwa imekauka na kupasuka, na sijapata inayolingana nayo. Nilikata pete kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, nikaivisha, na inafanya kazi, isipokuwa huteleza bobini inapokaribia kujaa. Kwa sasa bobini zangu hujaa robo tatu tu, na najaza mbili kabla ya kuanza foronya yoyote.